Kromosomu 46, lakini namba 21 ni tatu: kisa cha familia moja ya Kayole, Nairobi

Karatasi ya maabara ilikuwa imekunjwa mara nne, na ndani yake namba moja ilikuwa imezungushiwa kalamu ya bluu: 46. Aliyeizungushia ni mhudumu wa kliniki ndogo ya mtaani. Aliwaambia wazazi kwamba mtu wa kawaida ana kromosomu 46, vile vifurushi vya jeni ndani ya seli, mtoto wao ana 46, basi ile habari ya sindromu ya Down, hali ya kuzidi kwa kromosomu ya 21, waliyopewa siku ya kuzaliwa waisahau. Waliisahau kwa furaha. Kuku alichinjwa, majirani wakaitwa kwa maombi. Siku chache baadaye mtoto alishikwa na kikohozi kisichoisha, wakamleta kwetu, kliniki ya watoto: mvulana wa miezi saba ambaye shingo yake ilikuwa bado haijakaza.

Maabara ilikuwa imehesabu sawasawa. Lakini mwili wa mtoto nao ulikuwa unasema waziwazi. Macho yalipanda kidogo kwenye pembe za nje, na kwenye pembe za ndani palikuwa na kikunjo cha ngozi. Daraja la pua lilikuwa bapa, masikio madogo, kiganja kimoja kina mstari mmoja unaokikatiza chote, na kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili yake palikuwa na pengo la kupitisha kamba ya kandambili. Ukimwinua kwa makwapa anateleza mikononi, misuli imelegea. Mtu aliyekaa kliniki ya watoto kwa muda hahitaji karatasi kumtambua.

Kwa hiyo tulikuwa na namba ya kweli na uso wa kweli, na viwili hivyo havikuafikiana. Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani ya kutoafikiana huko ndimo lilimokuwa jibu la swali ambalo mama alikuwa haulizi mbele ya watu: nikishika mimba nyingine, je? Majina nimeyaacha, na mambo madogo madogo ya familia nimeyabadilisha wasije wakatambulika.

Walivyofika

Mama ana miaka 24 na kibanda cha mboga karibu na steji. Baba ana 29, fundi wa mjengo. Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki kama tisa, ya pili ikatoka mapema zaidi, ya tatu ikakaa. Mtoto alizaliwa kwa njia ya kawaida akiwa na kilo 2.7. Kulia alilia vizuri, kunyonya ndiko kulikomshinda: anavuta mara mbili tatu, anachoka, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Jasho la mtoto anayenyonya ni jambo la kuulizia moyo siku hiyo hiyo. Hapa halikuuliziwa.

Wodini nesi mmoja alimwambia mama, "Wewe bado msichana. Hii ni bahati mbaya tu, haitarudi." Nyumbani mama mkwe alikuwa na maelezo mengine, kwamba ni ile sindano ya kupanga uzazi aliyochoma kabla ya ndoa. Jirani akaongeza la kwake, kuhusu kumcheka mlemavu. Mama aliyabeba yote matatu, na kama watu wengi angefanya, alijaribu kushikilia lile la nesi.

Damu ya kwanza ya kupimia kromosomu ilitolewa mtoto akiwa na miezi minne na ikatupwa. Iliwekwa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, ile ya kupimia wingi wa damu, badala ya ya kijani yenye heparini. Wazazi walilipa tena kuchukuliwa nyingine, na kwa fundi wa mjengo hizo ni siku nyingi za kubeba mawe. Kinachohitajika ni seli hai. Maabara huzikuza chembe nyeupe za damu kwa siku kama tatu, zikichochewa zigawanyike, kisha huzitilia dawa ya kuzisimamisha katikati ya mgawanyiko, pale kromosomu zinapokuwa zimejikunja na kunenepa kiasi cha kuonekana kwa darubini. Wakati mwingine wowote zimetandaa ndani ya kiini na hakuna cha kuhesabu. Ili kuliona kosa la mgawanyiko wa seli inabidi uzilazimishe seli zigawanyike tena mbele yako. Damu iliyokaa kwenye chupa isiyofaa, au iliyogandishwa kwenye friji ya dawa, haigawanyiki.

Moyo kwanza

Nilitaka sana kuzungumzia kromosomu siku ile ile, lakini kikohozi ndicho kilichowaleta. Kifuani palisikika mvumo wa damu. Picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti ilionyesha tundu kubwa kati ya vyumba viwili vya chini, na mapafu yaliyokuwa yanapokea damu nyingi kuliko yanavyostahili. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na haifai yeyote kati yao kufika miezi saba bila picha hiyo, hata kama daktari hasikii mvumo wowote. Ukichelewa, shinikizo kwenye mishipa ya mapafu linaweza kupanda hadi pasifanyike upasuaji tena. Huyu aliwahi. Alianzishiwa dawa ya kupunguza maji na akaandikishwa kwa upasuaji. Tezi ya shingo ilipimwa pia, kwa kuwa nayo hulala kwa watoto hawa mara nyingi kuliko kwa wengine. Yake ilikuwa sawa, na itapimwa kila mwaka.

Baada ya hapo ndipo tulipoifungua karatasi.

Kosa la kawaida

Ili kueleza kilichotokea kwa mtoto huyu, lazima kwanza nieleze kisichotokea. Kila seli ya mwili ina jozi 23 za kromosomu. Yai au mbegu ya kiume inapotengenezwa, idadi inapaswa kupungua nusu, na kazi hiyo hufanywa na meiosisi, ambayo ni migawanyiko miwili inayofuatana. Wa kwanza hutenganisha wenza wa kila jozi, wa pili hutenganisha nyuzi mbili pacha za kila kromosomu. Jozi ya 21 ikikataa kuachana, yai linaondoka na 21 mbili, mbegu ya baba inaongeza ya tatu, na mtoto anakuwa na kromosomu 47. Hii ndiyo trisomia huru, na ndiyo hali ya watoto kama 95 katika kila 100 wenye sindromu ya Down. Kosa hilo hutokea kwenye yai karibu mara tisa kwa kumi, mara nyingi katika mgawanyiko wa kwanza.

Yai lina historia ambayo mbegu haina. Mwanamume huanza meiosisi akibalehe na kuendelea kutengeneza mbegu mpya kila siku. Mwanamke huianza kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Akiwa bado tumboni mwa mamake, mayai yake yote huingia mgawanyiko wa kwanza, yakafika katikati, yakasimama. Yai linalopevuka mwanamke akiwa na miaka 40 limesubiri katika hali hiyo miaka yote hiyo, na proteini zinazoshikilia kromosomu zake pamoja, kohesini, zimechakaa. Ndiyo sababu uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye trisomia 21 ni kama 1 kwa 1,500 kwa mama wa miaka 20, kama 1 kwa 350 akifika 35, na kama 1 kwa 100 akifika 40. Aina nyingine za makosa ya namna hii, kama trisomia ya 18 na ya 13, hufuata njia hiyo hiyo, ila watoto wengi wa hizo mbili hawafiki mwaka mmoja.

Takwimu hizo zimetujengea imani mbili potofu, na ya pili ni ya wataalamu. Ya kwanza ni kwamba Down ni ya akina mama wenye umri mkubwa. Kwa kweli watoto wengi wenye Down huzaliwa na mama walio chini ya miaka 35, kwa sababu hao ndio wanaozaa zaidi. Ya pili ni kwamba mama akiwa mdogo, basi lazima kuna jambo la kurithi. Sivyo. Hata kwa mama wa miaka 24, jibu la kwanza la kutarajia bado ni trisomia huru. Umri wake hauthibitishi chochote, na mimba mbili zilizotoka hazithibitishi pia, maana mimba kutoka ni jambo la kawaida, na karibu nusu ya zile zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza zina kasoro ya kromosomu iliyojitokea yenyewe. Kukisia hakusaidii hapa. Kariotipu, yaani kipimo cha kuzitazama kromosomu kwa darubini, ni ya kila mtoto mwenye sura hii, mama yake awe na miaka 19 au 44.

Kuna pia kosa linalotokea baada ya yai kurutubishwa, katika mgawanyiko wa kawaida wa mwili, mitosisi: baadhi ya seli zinabaki na 46 na nyingine 47. Hiyo huitwa mozaiki, hupatikana kwa mtoto mmoja au wawili kwa kila 100 wenye Down, na haikuhusu kisa chetu.

Mstari ambao hakuna aliyeusoma

Chini ya ile 46 iliyozungushiwa kalamu palikuwa na mstari mzima ambao mhudumu wa mtaani aliuruka: 46,XY,der(14;21)(q10;q10),+21. Simlaumu sana, unafanana na neno la siri la simu. Lakini unasomeka.

Kromosomu tano za binadamu, namba 13, 14, 15, 21 na 22, zina umbo lao. Kiuno chake, pale kromosomu inapobanwa, hakiko katikati, kiko karibu na ncha, kwa hiyo kila moja ina mkono mrefu na kijikono kifupi. Kijikono hicho hubeba nakala za jeni ambazo zimerudiwa kwenye zote tano, hivyo mtu akipoteza viwili hatajua. Mara moja moja kromosomu mbili kati ya hizo hukatika karibu na kiuno, vijikono vikapotea, na mikono mirefu ikaungana kuwa kromosomu moja. William Robertson, Mmarekani, aliueleza muungano wa aina hii mwaka 1916 akichunguza panzi, na bado unaitwa kwa jina lake.

Mtoto wetu ana 21 mbili zilizo huru, na ya tatu imeungana na 14; hiyo ndiyo der(14;21) ya kwenye mstari. Ukihesabu vipande unapata 46. Ukihesabu kiasi cha 21 unapata tatu, na mwili hauhesabu vipande.

Mtego huu una umri unaokaribia ule wa fani yenyewe. Hadi miaka ya 1950 vitabu vilisema binadamu ana kromosomu 48. Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakifanya kazi Lund, Sweden, ndio waliochapisha mwaka 1956 kwamba ni 46. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin wa Paris walitangaza kwamba watoto wenye Down wana 47. Haukupita muda: mwaka 1960 Paul Polani na wenzake wa London walieleza habari za msichana mwenye Down na kromosomu 46. Kwa hiyo anayesema "46 ni kawaida" anarudia kosa lililokwisha kusahihishwa kabla Kenya haijapata uhuru.

Na kuna jambo la leo ambalo linanitia wasiwasi kuliko lile la mhudumu. Vipimo vipya vya haraka vya DNA vimeingia mjini, vingine vikipeleka sampuli nje ya nchi, na vina sifa nzuri: havihitaji seli hai, majibu huja upesi. Lakini vinapima kiasi. Vitakuambia 21 imezidi, na ni kweli, kisha vitanyamaza kuhusu ilikokaa. Mtoto wa trisomia huru na mtoto wetu huyu wangetoa jibu lile lile. Mzazi anayelipia kipimo cha namna hiyo na kuambiwa "imethibitishwa" anadhani amejua yote. Amejua kuhusu mtoto aliyezaliwa. Kuhusu atakayefuata hajajua lolote, kwa hilo ni lazima kromosomu zenyewe zitazamwe kwa darubini.

Kuwapima wazazi

Karibu theluthi mbili ya miungano hii kwa watoto wenye Down ni mipya. Haipo kwa baba wala kwa mama. Theluthi iliyobaki imetoka kwa mzazi mzima wa afya ambaye hajui kuwa anayo. Tukawaita wazazi wote wawili.

Hapa nina msimamo, na wenzangu wengine wanaona nasumbua watu. Baba na mama watolewe damu siku moja, kwenye kiti kimoja, mmoja baada ya mwingine. Ukimpima mama kwanza "halafu tutaona", umeshatoa hukumu, na hukumu hiyo itafika nyumbani kabla ya matatu yao. Baba wa mtoto huyu alishangaa. "Hata mimi, daktari?" Hata wewe. Akakunja mkono wa shati.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Baba: 46,XY. Mama: 45,XX,der(14;21)(q10;q10).

Jibu la mtu ni lake kwanza, hata akiwa na mume. Nilimwita mama peke yake na kumuuliza kama anataka kusikia kabla, au waingie pamoja. Alitaka kusikia kabla. Nilipotaja 45 alishtuka, akauliza ni nini kimepungua mwilini mwake. Mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa kwa leso, nikaitumia hiyo hiyo. Leso hutoka dukani pande mbili ambazo hazijakatwa. Mtu akihesabu vitambaa atasema ni kimoja, lakini nguo yote ipo, hakuna uzi uliopungua. Kromosomu yake moja ya 14 na moja ya 21 ziko karibu hivyo: vilivyopotea ni vile vijikono tu. Kwake hazina ubaya wowote, na hazijawahi kuwa nao tangu azaliwe. Shida inakuja wakati wa kugawa.

Kwenye yai lake vipande vitatu hujipanga pamoja: 14 iliyo huru, 21 iliyo huru, na ile iliyoungana. Vitatu haviwezi kugawanywa kwa mbili bila upande mmoja kupata zaidi. Ule muungano ukienda upande mmoja na zile mbili huru zikaenda upande wa pili, yai lolote kati ya hayo ni salama: moja litatoa mtoto mwenye kromosomu za kawaida kabisa, la pili litatoa mtoto kama mama, mzima, na muungano ndani yake. Muungano ukiandamana na 21 iliyo huru, mtoto atakuwa na 21 tatu; ndivyo alivyopatikana huyu wa mgongoni. Ukiandamana na 14 iliyo huru, mimba itakuwa na 14 tatu, na hiyo haikai. Na yai lililobaki bila 21 yoyote, au bila 14 yoyote, nalo mimba yake hutoka, mara nyingine mapema kiasi kwamba mama huona ni siku zimechelewa tu.

Njia sita, basi, na tatu kati yake huishia katika kupoteza mimba. Mama aliuliza, "Zile mbili?" Sikuweza kumwambia ndiyo. Hazikupimwa, na mimba hutoka kwa sababu nyingi. Nilimwambia inawezekana sana.

Ukiangalia njia tatu zinazoweza kufika kuzaliwa ungedhani uwezekano wa mtoto mwenye Down ni mmoja kwa tatu. Sio hivyo. Seli hupendelea ule mgao salama, na mimba nyingi zenye kasoro hupotea njiani. Kwa mama mwenye muungano wa 14 na 21, mimba zinazofika miezi ya kati huwa na Down kama 10 hadi 15 kwa kila 100. Angekuwa baba ndiye mwenye muungano, ingekuwa chini ya 2 kwa 100. Kwa mama wa umri wake ambaye mtoto wake wa kwanza ana trisomia huru, kama 1 kwa 100. Kwa wazazi wengi wanaoambiwa wodini kwamba haitarudi, neno hilo linakaribia ukweli. Kwake yeye halikuwa kweli hata kidogo, na hakuna aliyeweza kulijua hilo kwa kumtazama mtoto.

Kuna hali moja ngumu zaidi ambayo naitaja kwa sababu wasomaji huiulizia: 21 ikiungana na 21 mwenzake. Mzazi wa aina hiyo, kila mtoto wake atakayezaliwa hai atakuwa na Down. Ni nadra. Lakini inaonyesha kwamba hata neno "translokesheni", jina la kitaalamu la miungano hii, peke yake halitoshi. Lazima ujue ni ipi na ipi.

Mlangoni na nyumbani

Mama alisema, "Mwite." Baba aliingia, akaketi, akasikiliza maelezo yale yale. Alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo ni yeye."

Sentensi hiyo mshauri yeyote wa mambo ya kurithi ataisikia, na kuikwepa hakufai. Ndiyo, muungano umetoka kwake. Hakuuchagua, hakuupata kwa sindano wala kwa kucheka mtu; alizaliwa nao, kama yeye baba alivyozaliwa na mambo yake ambayo hatujayapima. Miungano ya Robertson ya aina zote hupatikana kwa mtu kama mmoja katika kila 1,000, mingi ikiwa ya 13 na 14. Nairobi ilihesabiwa watu milioni 4.4 katika sensa ya 2019. Kwa kiwango hicho, watu zaidi ya 4,000 jijini wanatembea na muungano wa namna hii, wanapanda matatu, wanalipa kodi ya nyumba, na hawatajua kamwe. Baba aliuliza kama hao wote ni wanawake. Nusu yao ni wanaume, nikamwambia. Hapo akamtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Mama mkwe alikuja kliniki iliyofuata, amejitayarisha. "Daktari, kwa hivyo ni damu ya kwao." Kabla hajafika, mama wa mtoto alikuwa ameniambia anachoruhusu kisemwe: kwamba sindano haikuhusika, kwamba mtoto ana tundu la moyo litakalozibwa, na kwamba mengine ni yake na mumewe. Nilisema hayo matatu na sikuongeza. Kuhusu sindano nilikaa zaidi, kwa kuwa binti mwingine wa nyumba hiyo alikuwa ameacha kuitumia kwa hofu. Sindano ya kupanga uzazi haisababishi trisomia. Mama mkwe hakuridhika, lakini ndiye aliyempeleka mtoto kwa mazoezi ya viungo mama alipokuwa sokoni Wakulima.

Kuhusu mimba ijayo, mazungumzo yalichukua muda mrefu kuliko yote. Wanaweza kuiacha mimba iende bila kipimo. Wanaweza kuomba maji ya mji wa mimba yatolewe kwa sindano kuanzia wiki ya 15, yapimwe kariotipu, na hatari ya mimba kutoka kwa sababu ya kipimo ni chini ya 1 kwa 100. Kabla ya kipimo, nawauliza wazazi watafanya nini na jibu. Katiba ya 2010, Ibara ya 26, inaruhusu kutoa mimba pale tu mhudumu wa afya aliyefuzu anapoona pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Hali ya kijusi yenyewe haikutajwa. Wazazi hawa walisema wanataka kujua ili wajiandae: mtoto azaliwe mahali penye daktari wa moyo, na nyumbani pasiwe na mshangao wa pili. Mama alitaka kwanza kijana wake afanyiwe upasuaji. Sababu hizo ni zao na zinatosha.

Wamejiunga pia na wazazi wenzao kupitia Down Syndrome Society of Kenya. Baba alirudi kutoka mkutano wa kwanza akiwa na habari za kijana anayefanya kazi ya hotelini, na tangu siku hiyo huuliza mambo ya shule. Ni mapema, lakini afadhali swali hilo kuliko lile la "ni nani".

Ukoo

Muungano wa mama umetoka mahali fulani. Mamake, aliye ushago Kitui, alizaa watoto watatu na kupoteza mimba nyingi katikati yao, habari ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza kwa sababu mambo hayo hayaulizwi. Alipoelezwa alikataa kupimwa. "Mimi nimemaliza kuzaa, damu yangu muiachie." Ana haki. Huenda umetoka kwake, huenda umetoka kwa marehemu mumewe. Kwa uamuzi wa sasa haibadilishi kitu.

Dada wa mama anaishi Kitengela, na alikuwa na mimba ya wiki 11 habari zilipomfikia. Nafasi yake ya kuwa na muungano ule ilikuwa nusu kwa nusu, iwapo mama yao au baba yao alikuwa nao. Alikuja mwenyewe asubuhi, damu ikaingia chupa ya kijani, na nilipiga simu maabara kuomba isikae foleni. Jibu: 46,XX, na safari hii niliusoma mstari wote mbele yake hadi mwisho: hakuna kilichofuata baada ya XX. Hakuhitaji sindano ya maji ya mji kwa sababu hii. Ni kliniki ya kawaida ya wajawazito, basi.

Kaka yao ana miaka 19 na ni wa bodaboda Machakos. Tulimwandikia barua, dada yake akampelekea. Kuja au kutokuja ni juu yake, na hajaja. Akija na akakutwa nao, ataelezwa mambo mawili: kwamba uwezekano wake wa kupata mtoto mwenye Down ni mdogo kuliko wa dada yake, na kwamba baadhi ya wanaume wenye muungano huu huwa na mbegu chache, kwa hiyo siku mkewe akichelewa kushika mimba, wa kwanza kupimwa awe yeye.